Pazia za mtumba Mwanjelwa, mrejesho wangu baada ya baridi moja nzima

Mimi sio mtu wa mapambo niseme tu mapema. Nakaa Iyunga hapa Mbeya, nyumba ya kupanga, chumba sebule na jiko, sakafu simenti, madirisha yale ya aluminiamu ya kuslaidi, na mwaka juzi mwezi wa saba nilikuwa naangalia tamthilia nimejifunika blanketi na soksi pea mbili miguuni, mume wangu mtu wa Temeke, Dar, huyo akawa anaoga saa saba mchana tu, asubuhi hataki hata kusikia maji. Dirisha limefungwa kabisa ila shia, ile pazia nyepesi, inacheza. Yaani unaiona inavimba inarudi, inavimba inarudi, utafikiri kuna mtu nyuma. Nikaja kugundua yale madirisha chini kwenye reli yana vitundu vya kutolea maji ya mvua, sa upepo wa usiku ukishuka kutoka milimani unaingilia humohumo. Kuviziba huwezi, mvua ikija maji yote yataingia sebuleni.

Dawa yake ni pazia nzito, na hapo ndo stori inaanzia.

Nilianza dukani, duka la pazia mpya hapahapa mjini, silitaji. Vitambaa vizuri vinang'aa, mita elfu 14 pamoja na kushonewa. Kwa ambao hawajui, vitambaa vingi vya pazia vina upana wa mita 2.8 na ule upana ndo unageuka urefu wa pazia kutoka juu mpaka chini, kwa hiyo mita unazolipia ni za kwenda pembeni, za kufuata dirisha. Nikalipia mita 5, elfu 70. Nimefika nyumbani nikazitandaza sakafuni zote mbili nikapima, mita 3 na sentimita 70. Kurudi naambiwa zimeliwa na mshono. Mshono wa pembeni unakula sentimita kumi kumi hivi kwa kila pazia, haiwezekani ule mita nzima na ushee, na risiti sikuwa nayo, kwa hiyo nikabaki nimenuna kwenye bajaji. Na kitambaa chenyewe kumbe kinang'aa tu, ukikiweka kwenye mwanga unaona mkono wako upande wa pili. Baridi ikapita kama kawaida.

Ndo jirani yangu akaniambia nenda soko la Mwanjelwa upande wa mitumba ulizia pazia nzito. Wako zaidi ya mmoja, mimi naongelea mama mmoja wa makamo ana kibanda kidogo, pazia amezikunja kama vitabu zimepangana mpaka juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Dirisha lako lina upana gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Akanitazama, akarudisha lile pazia alilokuwa ameshalitoa.

"Rudi kapime mwanangu. Ukibeba hili likakufia fupi utaniletea kesi hapa."

Yaani mtu amekataa hela yangu! Nilikasirika nikaondoka, ila nafika Kabwe nikaanza kucheka mwenyewe, maana kule dukani hakuna aliyeniuliza chochote zaidi ya "unalipa kwa simu au keshi".

Namna ya kupima aliyonipa ni hii, na ningejua mapema ningeokoa hela. Usipime dirisha, pima bomba la kutundikia pazia. Bomba lizidi dirisha sentimita 15 mpaka 20 kila upande ili mchana ukifungua pazia zikae ukutani zisile mwanga, na usiku ukifunga upepo usipate upenyo wa pembeni. Dirisha langu lina sentimita 150, kwa hiyo bomba 190. Pazia zote mbili ukizinyoosha zikaribie mara mbili ya bomba, ikishuka chini ya mara moja na nusu zitakaa kama shuka limeanikwa. Urefu uishie kidole kimoja juu ya sakafu, sio kwenye kizingiti cha dirisha kama tulivyozoea wengi wetu, maana pazia inayoishia kwenye kizingiti inamwaga baridi yote miguuni kwako.

Nikarudi kesho yake na namba zangu kwenye karatasi. Alizonitolea ni za Uingereza, zina bitana nene nyuma, na kuna kilebo kimeshonwa pembeni kimeandikwa inchi 66 kwa 90. Ile ya kwanza ni upana, ya pili ni urefu, kila moja, sio pea nzima. Inchi 66 ni kama sentimita 168, mara mbili yake 336, kwa bomba la 190 inatosha kabisa. Inchi 90 ni kama 229. Ukiona kilebo kimekatwa basi futi yako ya kupimia ndo kilebo, na upime ZOTE MBILI, kwa sababu kuna pea moja nilipenda kweli, ya bluu, kumbe moja ilishafupishwa na mwenyewe wa kwanza huko ilikotoka, mwenzake ameachwa.

Halafu toka nayo nje. Hili ndo jambo kubwa kuliko yote, mle ndani kila pazia ni nzuri. Nje iinue juani na uangalie kwa upande wa bitana, matundu utayaona kama nyota, na utaona zile milia zilizopauka kwenye mikunjo, jua la kwao dogo lile lakini miaka kumi dirishani limekula. Ikishapauka hivyo hakuna kufua wala kupaka, iache. Mnuso pia, harufu ya stoo inatoka, harufu ya sigara mimi yangu moja nimefua mara tatu na bado siku ya mvua inarudi.

Akaanza elfu 45, tukaishia elfu 38 pea. Rangi ya ugoro. Sikuitaka hiyo rangi, nilitaka kijani ya kuendana na makochi, ila mtumba hauchagui rangi wewe, belo, lile robota la mitumba, ndo linachagua. Akaniongezea kipande kikubwa cha pazia nyingine ya rangi ileile, iliyochanika, kwa elfu 3, akasema kashone foronya za mito ya kochi. Nikaona ananiuzia takataka. Leo ndo kitu wageni wanachosifia kuliko pazia zenyewe, kwa sababu ile rangi imejirudia dirishani na kwenye kochi basi inaonekana kama nilikaa chini nikapanga. Sikupanga chochote!

Akasisitiza nifue kwanza ndo niende kwa fundi, kwa maji ya baridi, maana kitambaa na bitana havirudi sawa, ukishona kabla ya kufua bitana ikirudi pazia inajikunja kwa chini kama sketi ya zamani. Nimefua, maji yakatoka rangi ya chai. Zilivyo nzito zikilowa huwezi kuzikamua peke yako, tulishika huku na huku na binti wa jirani kama tunasokota kamba, na zikachukua siku mbili kukauka, kwa hiyo usianze kufua masika.

Sasa fundi. Fundi cherehani yuko hatua chache kutoka kwa mama, mkono wake mzuri mshono umenyooka sina tatizo, ila masikio sijui. Hizi pazia zinakuja na tepu ya kamba za kuvuta kwa juu, nikataka aitoe aweke ringi, zile duara za kupitishia bomba, ringi moja 500. Pazia ya kwanza akaweka 8, ya pili akaweka 9. Mimi sikuhesabu. Nimefika nyumbani nimetundika naona moja imekaa vizuri, nyingine ncha ya ndani imetokeza mbele kama sikio la mbuzi, kila ukiisukuma nyuma inarudi kukuangalia. Ringi lazima ziwe namba shufwa jamani, 8 au 10, ndo ncha zote mbili zinaelekea ukutani. Tundu likishatobolewa halizibiki, kwa hiyo akaongeza ya kumi pembeni kabisa, sasa pale kuna mkunjo mmoja mwembamba kuliko wenzake na mimi kila nikikaa nauona huo tu. Akataka nilipie ringi ya kumi. Nikamwangalia tu, akasema basi dada yangu, yaishe.

Bomba msichukue lile jembamba la bei rahisi. Langu la kwanza lilipinda katikati wiki ileile. Nimenunua la chuma elfu 18 na kishikizo cha katikati. Na ukuta wa nyumba zetu hizi za tofali za kuchoma plasta yake inamong'onyoka, kwa hiyo tundu liwe la kuingia mpaka kwenye tofali, na utumie vile viplastiki vya kushikia skrubu, sio kuchomeka kijiti cha kiberiti kama alivyotaka kunifanyia kijana mmoja. Baada ya ringi pazia ilibaki sentimita 221 kwenda chini, tukalifunga bomba 223 kutoka sakafuni. Pazia haikukatwa hata inchi, ni bomba ndo lilipanda, na dari limeonekana refu kidogo, hiyo nimepata bure.

Jumla pea elfu 38, ringi 8,500, bomba elfu 18, inakuja 64,500, ukiweka kile kipande ni 67,500. Duka lilikula 70 na bomba bado.

Je baridi imeisha? Haijaisha, hapa ni Mbeya. Ila Julai hii nimekaa sebuleni na soksi pea moja. Pazia usiku inatikisika kidogo tu kwa chini halafu inatulia, na mchana saa nne nafungua zote jua liingie mpaka sakafuni, saa kumi na moja na nusu nafunga kabla lile joto halijatoka. Ukifunga saa tatu usiku umeshachelewa. Na kwa wale wanaoingiza jiko la mkaa ndani wakafunga na madirisha, tafadhali, ule moshi usioonekana unaua watu usingizini kila mwaka, bora blanketi la pili.

Vitu vingine nilivyogusa haraka haraka. Taa nilikuwa na ile nyeupe kali kama ya zahanati, kwenye boksi imeandikwa 6500K, nikachukua ya 3000K ya njano, sebule ileile ukutani rangi ileile lakini unahisi joto, na ile rangi ya ugoro ndo ikaanza kupendeza kweli. Kochi nimelivuta kutoka ukutani kama kiganja, maana masika iliyopita nyuma yake palikuwa na ukungu wa kijani. Mablanketi nayaweka kwenye kikapu kikubwa cha milulu nilichobeba kutoka Iringa, kabla ya hapo yalikuwa yanalala kwenye kochi kama mgonjwa. Zulia la manyoya la krimu nililoona mtandaoni nikalinunua, hilo ni kosa langu mwenyewe, mvua za Novemba zilipoanza na viatu vya watoto vikaingia na tope sitaki kuliongelea.

Malalamiko kwa mama ni mawili. Mzigo wake mdogo, ukienda siku mbaya kuna pazia za choo na mashuka tu. Nilimuuliza mbona haweki mwingi akasema alikuwa soko la Sido ile Agosti 2017 lilipoungua, tangu hapo halazi mali nyingi sehemu moja, nikakosa la kujibu. La pili, ukienda Juni bei haishuki, kila mtu anatetemeka na yeye anajua. Nendeni kununua Machi, Aprili, kufua msubiri mvua ikate.

Chumbani bado nimetundika kitenge. Nimemwachia vipimo vyangu, bomba 160, na amesema belo likifunguliwa lenye inchi 54 atanipigia. Alinipigia juzi. Ilikuwa ya maua ya pinki, mume wangu akasema bora baridi.