Pentax K1000: SLR ya filamu ninayoiamini kwa hali ya hewa ya Mombasa

Mwaka wa tatu huu natembea na Pentax K1000, na kila anoniuliza anunue SLR gani ya filamu (kamera unayochungulia kupitia lenzi yenyewe) namwambia hiyo hiyo. Kamera yangu ya kwanza ilikua ya kutegemea betri kwa kila kitu. Harusi ya binamu yangu Mji wa Kale, bibi harusi ndo anatolewa, vigelegele juu, nabonyeza... kimya. Betri imekufa na shata, kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, haifunguki. Ile picha nliikosa na roho yaniuma mpaka leo.

K1000 shata yake ni ya springi na gia, sekunde 1 mpaka 1/1000, betri ikifa kinachokufa ni mita ya mwanga peke yake, na yatumia kijibetri kimoja tu cha LR44, kama vile vya saa. Jua la saa saba pale Forodhani hata hiyo mita ya nini, filamu ya ISO 200 (wepesi wake wa kushika mwanga) weka tundu la lenzi f/16 na shata 1/250 upige. Swichi ya kuzima mita haina, kwa hivyo ukimaliza funika lenzi, ukiiacha wazi betri yaliwa pole pole.

Nikon FM2 pia haihitaji betri na yafika 1/4000, kama mfuko waruhusu chukua. Canon AE-1 ni nzuri lakini bila betri haipigi, mie sitaki tena hiyo presha.

Sasa kununua ndo kazi. Zilitengenezwa 1976 mpaka 1997, yaani hata ya mwisho kabisa ishapita miaka 25, na unyevu wetu huu wa bahari hauna huruma. Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho uimulike na tochi ya simu kutoka nyuma. Nlioneshwa moja nje yang'aa kama mpya, kumulika ndani naona vijiuzi vyeupe vimetambaa kama utando wa buibui, muuzaji aniambia ni vumbi. Vumbi halina matawi jamani, hiyo ni kuvu! Pia fungua mlango wa nyuma uguse ile sponji nyeusi ya kuzuia mwanga, ikikunata kidoleni kama lami ujue mwanga utavuja. Sponji hubadilishwa, we shusha bei tu.

Na ile mifuko ya ngozi ya zamani usihifadhie kamera, yashika unyevu. Yangu hulala kwenye kopo la plastiki lofunga kabisa, na vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu.