Uzoefu wangu: kupimwa Prado ya dizeli Kampala, moshi mweusi na gari kusita

Wadau wenye dizeli za tabo (ile feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini), hii ni kuhusu huduma ya kupima tu, sio ya kutengeneza. Nimeipata kwa fundi mmoja wa dizeli huku Ndeeba, jina lake siweki kwa sababu sijamwomba ruhusa, ila kazi yake nimeipenda sana na nataka niieleze vizuri ili na wewe ukienda kwa fundi wako ujue cha kudai.

Gari ni Prado yenye injini ya 1KD, ile ya lita 3.0 ya komonireli (injekta zote zinakula dizeli ya presha kubwa kutoka reli moja), imeshazeeka na inafanya kazi, natoka nayo Kampala na mzigo wa duka Masaka, Mbarara mpaka Kabale. Shida yenyewe ni hivi, ukikanyaga mafuta umpite lori gari inasita kwanza halafu inavuta kivivu, na nyuma unaacha moshi mweusi mzito mpaka wa nyuma yako anapunguza mwendo. Barabara ya Masaka na yale malori, kusita namna hiyo katikati ya kuovateki ni hatari kabisa, nilifika mahali nikawa namfuata lori kilomita na kilomita bila kujaribu. Ila gari ikisimama inanguruma vizuri, ukipiga resi bila mzigo moshi ni kidogo tu. Hapo ndo mafundi walikuwa wanapotea maana kila mmoja aliipima imesimama.

Wa kwanza alisema tabo imekufa, nilete shilingi za Uganda milioni mbili na nusu atafute nyingine. Ushahidi wake ni oili kidogo ndani ya paipu ya intakula, ile rejeta inayopoza hewa ya tabo. Mwingine akasema injekta zote nne, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda, zimekufa. Nikamuuliza kila mmoja, umeonaje? Jibu likawa "bosi, moshi mweusi ni hiyo tu". Sikutoa hela.

Sasa huyu wa Ndeeba hakufungua boneti kwanza, aliuliza. Moshi rangi gani, gari ikiwa baridi au moto, oili inapungua, maji yanapungua? Akanieleza kwamba mweusi ni dizeli imezidi au hewa imepungua, wa bluu ni oili inaungua, yaani tabo au ringi au sili za valvu, na mweupe unanusa kwanza, ukiwa na harufu kali ya dizeli mbichi ni mafuta hayajaungua, ukiwa na utamu utamu hivi ni kulanti, maji ya kupozea injini, inaingia ndani na hapo uombe Mungu isiwe gasketi ya hedi. Wangu mweusi, oili haipungui, maji yako palepale. Kwa hiyo kabla hajashika spana tayari tumeshaondoa nusu ya mambo.

Halafu akachomeka mashine ya kompyuta, akafungua swichi bila kuwasha injini. Akanionyesha namba ya sensa ya presha ya manifoldi, yaani presha ya hewa inayoingia kwenye injini, 88. Nilidhani hiyo ndo shida, kumbe hapana, hiyo ndo hewa yenyewe ya Kampala, sisi tuko juu kama mita 1,200 kwa hiyo kilopaskali 88 ni sawa, gari hiyohiyo ingekuwa Mombasa ingesoma kama 101. Anaanza hapo kwa sababu sensa ikiwa inadanganya basi yote mtakayosoma baadaye mnakimbiza upepo tu. Akawasha, akaiacha ipate moto, akasoma marekebisho ya mafuta kwa kila silinda, yaani kompyuta inaongeza au kupunguza dizeli kiasi gani kwa kila injekta ili injini izunguke sawa, anataka yasipite 3 juu wala chini, zangu zote zilikuwa ndani. Injekta zikapumzika hapo, ingawa baadaye alizifungia vichupa vya kupima mafuta yanayorudi na vikajaa karibu sawa.

Kilichonifanya niandike haya ni kipande cha barabarani. Alikataa kuamua gari ikiwa gereji. Mi nikaendesha, yeye pembeni na laptopu, tukaenda mpaka Busega tukaingia Northern Bypass, akatafuta pa kupanda, akasema gia ya tatu kanyaga yote usiachie. Kwenye skrini mistari miwili, kompyuta ya gari inaomba presha ya hewa karibu kilopaskali 200, inayopatikana imegota 130, na hapohapo sensa ya hewa upande wa filta inaonyesha hewa nyingi inaingia. Presha ya reli ya dizeli ilikuwa inafuata inachoombwa bila shida, kwa hiyo pampu na filta ya dizeli ziko salama. Akaniambia, "bosi, hewa inaingia lakini haifiki, inapotelea njiani."

Na ukifikiria ndo maana ya ule moshi. Sensa ya hewa iko kabla ya tabo, inahesabu hewa yote iliyopita, kompyuta inaruhusu dizeli kwa hesabu hiyo, kumbe sehemu ya ile hewa imeshatoka nje kabla ya kuingia kwenye silinda. Dizeli imebaki nyingi, hewa chache, lazima iwe masizi. Na tabo maskini inazungushwa zaidi na zaidi kufidia, ukiendelea hivyo miezi ndo unaiua kweli.

Tukarudi. Akachomoa paipu baada ya boksi la filta ya hewa, akaziba na kizibo alichotengeneza mwenyewe cha paipu ya maji chenye valvu ya tairi, akaingiza upepo wa kompresa taratibu, chini ya baa moja, akamwagia maji ya sabuni kila kiungo. Mwanzo hakuna kitu. Nilianza kukata tamaa. Akashika ile hozi ya mpira inayotoka kwenye tabo kwenda intakula akaivuta pembeni kidogo, kama injini inavyojivuta ikiwa na mzigo, na povu likaanza kuchemka upande wa chini kabisa, pembeni ya klampu. Nikapitisha kidole nikausikia, mpasuko mdogo urefu wa ukucha, umezungukwa na vumbi jeusi lenye oili. Gari ikiwa imetulia midomo ya mpasuko inafumba, ukiwa mlimani presha inaufungua. Gari yenyewe siilaumu, ni mpira umekaa miaka kwenye joto.

Tabo nayo aliichungulia, shafti haichezi. Ile oili ya ndani ya paipu alisema ukungu kidogo ni kawaida, unatoka kwenye paipu ya kupumulia ya injini, ungekuta inachuruzika ndo uanze kuogopa. Yaani ile milioni mbili na nusu ingeenda na moshi ungebaki palepale.

Hozi nimeitafuta soko la spea la Kisekka, 80,000, na klampu mpya za boliti, sio zile za kukaza na bisibisi. Tukarudi kwenye kilima kilekile na mashine, presha ikafika karibu na inachoombwa, na gari inaondoka ukigusa tu. Moshi umeisha karibu wote, ulibaki kidogo ukikanyaga ghafla, na huo ulikuwa wa EGR, valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, iliyojaa masizi ya miezi yote ile, ameisafisha umepungua. Kulikuwa pia na moshi mweupe kidogo asubuhi nikiwasha Kabale, kule karibu mita 2,000 na baridi yake, ila huo ulikuwa ni kitu kingine kabisa, hita plagi moja (inayopasha silinda moto wa kuwashia) imekufa, kaipima kwa mita haina mkondo.

Kupima peke yake nimelipa 100,000, kusafisha EGR ni hela nyingine. Kwa mtu aliyezoea kupimwa bure anaweza kuona ghali, mi naona ni haki yake, mashine kanunua na muda wake katumia, na hakunisukuma ninunue spea kwake.

Nampunguzia alama kwa mambo mawili. Haandiki ripoti, nilipiga picha za skrini mwenyewe, na mtu akitaka kuuza gari au kubishana na gereji nyingine hana karatasi ya kuonyesha. Halafu foleni, hana kupanga siku, anayewahi ndo anayeanza. Nenda asubuhi mapema siku ya kazi, gari iwe na dizeli ya kutosha maana lazima mtoke barabarani, na kama una mzigo mzito uache humohumo, alinisifu kwa kuja nao kwa sababu shida ilijionyesha mara ya kwanza tu tulipopanda.