Rangi Inagandia Nchani mwa Sindano? Nunua Hivi, kwa Mpangilio Huu

Unachora madoa laini kwa brashi ya hewa (airbrush) ubavuni mwa modeli ya Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya Kijerumani, mstari ni mwembamba na safi, mara unaanza kukatika. Unavuta kitufe nyuma kidogo, hakitoki kitu. Unavuta zaidi, na brashi inatema tone zima juu ya bawa. Ukiitazama ncha ya sindano kwa karibu utaona gaga la rangi limeizunguka kama kola.

Chanzo ni hewa yenyewe. Inapita kwa kasi juu ya ncha na kukausha rangi iliyobaki pale, na akriliki ya maji ikishakauka haiyeyuki tena kwa maji, kwa hiyo kila tone linalofuata linapata pa kung'ang'ania. Rangi nzito, presha kubwa na chumba kikavu vyote vinaharakisha. Ndiyo maana mtu wa Nairobi katika ukame wa Januari huhangaika kuliko wa Mombasa, ambako unyevu wa hewa unamsaidia bila yeye kujua.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha kompresa yako ina regeta, yaani kifaa cha kurekebisha presha. Kama haina, hiyo ndiyo ya kununua kwanza, mengine yasubiri. Rangi iliyozimuliwa vizuri hufanya kazi kwa psi 15 hadi 20, na soma geji huku hewa ikitoka, maana ukiachia kitufe mshale hupanda na kukudanganya.

1. Tina, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi, ya kampuni iliyotengeneza rangi yako. Hapa sina mjadala. Tamiya inatumia X-20A, yenye alkoholi. Vallejo ina tina yake ya brashi ya hewa, isiyo na alkoholi. Ukichanganya tina ya huyu na rangi ya yule, rangi kikombeni inaweza kukatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu, halafu jioni yako yote inaishia kufungua nozeli, kile kitundu cha mbele kinachotoa rangi. Maji matupu nayo yanapunguza uzito wa rangi tu. Hayaifanyi ichelewe kukauka, na juu ya plastiki hujikusanya matone matone. X-20A ipo ya mililita 10, 46 na 250. Nunua kubwa, maana sehemu yake itakwisha kwenye kusafisha. Anayeagiza kutoka nje ajue kwamba vimiminika vinavyoshika moto vina masharti magumu kwenye mizigo ya ndege. Vitu vya Vallejo, kwa kuwa ni vya maji, husumbua kidogo.

2. Kwa wa Vallejo: dawa ya kutiririsha rangi, yaani Flow Improver. Tone moja au mawili kwa matone kumi ya rangi, na tofauti unaiona palepale kwenye mistari myembamba. Hata Model Air, rangi ya Vallejo ambayo hutoka kiwandani ikiwa tayari imezimuliwa, inanufaika nayo. Model Color, nyingine ya Vallejo, ni nzito, imetengenezwa kwa brashi ya mkono, kwa hiyo hiyo izimue kwanza kwa tina ndipo uongeze dawa.

Kwa wa Tamiya, nafasi hii ya pili ni ya Mr. Color Leveling Thinner, tina ya kampuni nyingine ambayo rangi ya Tamiya, tofauti na kanuni ya hapo juu, inaikubali. Ndani yake tayari mna kichelewesho cha kukauka, na rangi inalala laini ajabu. Lakini ni tina kali ya laka. Bila dirisha wazi, feni ya kutoa hewa nje na barakoa yenye katriji za mvuke, usiiguse. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Na kwenye Vallejo usiitie kabisa.

3. Pamba za masikio. Zinapatikana duka lolote la mtaani na watu wanazidharau. Loweka moja kwa tina, na kila baada ya dakika chache futa ncha ukivuta kuelekea nje, kufuata sindano. Ukisukuma kinyume utaipinda ncha, na sindano iliyopinda hugandisha rangi zaidi ya mpya. Kofia ya mbele yenye meno, ile inayoiacha ncha wazi, inarahisisha kazi hii. Kama brashi yako inaikubali, inunue.

4. Kichelewesho, yaani ritada. Wengi hukimbilia hapa kwanza. Kinafanya kazi, tena vizuri, ila kikizidi rangi inakaa inanata na vumbi lote la chumba linahamia kwenye modeli. Kisizidi sehemu moja kwa kumi ya rangi, na pwani nusu ya hapo inatosha.

5. Nozeli kubwa zaidi. Ya milimita 0.2 inapendeza kwenye picha za tangazo lakini kwa akriliki ni mateso. Iwata HP-CS huja na 0.35 na inachora mistari myembamba kuliko wengi tunavyohitaji kwenye kipimo cha 1/48, yaani modeli iliyo ndogo mara 48 kuliko ndege halisi. Kwa rangi ya msingi na vanishi, 0.4 au 0.5. Nimeiweka chini kwa sababu ya bei tu. Anayenunua brashi yake ya kwanza aipandishe hadi juu.

Sasa vya kuacha dukani. Glisarini ya duka la dawa inachelewesha rangi kweli, lakini inavuta unyevu, na kwa hewa ya Tanga au Zanzibar modeli itakaa siku nyingi bila kukauka sawasawa. Spiriti ya hospitali mara nyingine hutiwa mafuta ya mbarika, na mafuta ni adui wa rangi. Dawa ya kusafishia vioo yenye amonia inang'oa gaga, ila ukiiloweka brashi humo inakula shaba iliyo chini ya kromu. Na grisi ya brashi ya hewa ni ya kulainisha sindano inapopita kwenye mwili wa brashi: nunua kijichupa kimoja, kitakaa miaka, na usikitegemee kumaliza gaga la nchani.