Kipindi mubashara au cha kurekodi: uombe kipi kwenye redio ya wanafunzi?

Mubashara kuna raha yake. Salamu zinamiminika kutoka dahalia, mtu anabishana nawe papo kwa papo, na ulimi ukiteleza ndio umeshateleza. Kwa hiyo sampuli unayopeleka na ombi lako iwe ya kuzungumza, si ya kusoma karatasi. Ukiomba saa ya jioni, jua pia magharibi inaingia lini: adhana haimsubiri mgeni wako amalize hoja.

Cha kurekodi hakina mshawasha huo, lakini kwa mambo ya taarab mimi sikibadilishi. Tuseme unataka kueleza safari ya mwimbaji Siti binti Saad kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, au kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilivyoanza mwaka 1905. Hapo unahitaji kuutafuta wimbo, kukaa barazani na mzee anayeujua, kisha kurudi kukata kikohozi chake na honi ya vespa iliyopita katikati ya ubeti. Kazi ya siku mbili kwa nusu saa ya hewani!

Umeme nao. Unguja huupata kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na ulipoharibika Disemba 2009 giza lilikaa miezi mitatu. Hata ukikatika saa moja tu, kipindi mubashara kimekwenda na maji. Kilichorekodiwa kitarushwa kesho.

Mgeni wa maiki ningemwambia aombe cha kurekodi muhula wa kwanza. Msemaji sana, asiyeshikika, aende mubashara moja kwa moja.