Ubapa wa mzee, mikono ya kijana: uzoefu wangu na karakana moja ya Katwe

Ningeanza kwa kuusifu ubapa mpya wa kisu changu, kwa maana unastahili sifa, lakini hasira haijanitoka, kwa hiyo nitaanza na washa, vile vibati vidogo vya duara.

Leatherman yangu, koleo la kukunja lenye kisu na zana nyingine ndani yake, ndiyo inayonilisha katika kazi ya kufunga umeme wa jua hapa Bombo, na kisu chake kilikuwa kimenolewa miaka mingi hata kikaisha. Nilielekezwa kwa mhunzi wa Katwe, mtaa wa Kampala, anayefua bapa kutokana na springi kuukuu za lori na kuzipachika kwenye zana za aina hii. Jambo hilo linawezekana kwa sababu kifaa changu kimefungwa kwa skrubu, tofauti na visu vya mfukoni vya Victorinox vyenye ribiti, ambazo ukishazing'oa hazirudi. Kwamba udhamini wa kiwanda wa miaka 25 haulindi kifaa kilichobadilishwa, nililijua na kulikubali.

Skrubu hizo zina tundu la nyota ya ncha sita, na katikati ya tundu kimesimama kijipini, hivyo bisibisi ya kawaida haiingii. Kwa kulijua hilo, nilimwachia kijana anayepokea kazi bisibisi yangu yenye tundu kwenye ncha, nikamwonyesha namna ya kuitumia. Niliporudi kuchukua mali yangu, bisibisi ilikuwa bado imeviringishwa katika karatasi niliyoileta nayo, ilhali vichwa vya skrubu vilikuwa vimechubuliwa kwa patasi na vile vijipini vimevunjwa. Nilipofungua kisu, kikayumba kushoto na kulia, kikakwaruza msumeno ulio jirani yake. Nikamuuliza kijana washa ziko wapi, zile nyembamba zinazokaa pande mbili za ubapa.

“Mzee, vile vibati havikuwa na kazi. Kwani hakifunguki?”

Washa moja niliiokota mwenyewe sakafuni, katikati ya vumbi la chuma, imepindika. Ya pili haikuonekana, na kijana hakuinama kunisaidia kuitafuta. Nilipomwambia kwamba kisu kinachoyumba kinaweza kumkata mtu vidole, alinijibu, mbele ya wateja wengine, kwamba mtu anayejua kuliko fundi akae kwake ajifanyie mwenyewe. Sikuzoea kujibiwa hivyo na kijana wa umri wa wanangu, tena nikiwa nimekwisha kulipa. Siku ile ningeulizwa, ningemkataza kila mtu asikanyage pale.

Hata hivyo, lazima niutendee haki ubapa. Mhunzi mwenyewe ni mzee asiye na maneno mengi, nami nilimtazama siku ya kwanza akifanya kazi ya mteja mwingine: alipasha chuma moto hadi sumaku ikakataa kukishika, akakitumbukiza kwenye mafuta, kisha akakirudisha kwenye moto mdogo hadi kikapata rangi ya majani makavu. Kwenye grenda alikuwa akikichovya majini kila mara, kwa sababu makali yakishageuka buluu ugumu umekwenda. Ubapa wangu hauna alama yoyote ya buluu. Kisigino chake, pale panaposhikwa na kabari ya kufungia, alikipaka masizi ya mshumaa ili aone panapogusa, akakisugua kwa tupa kidogo kidogo, na sasa kinashika barabara. Nimeukatia mabomba ya plastiki na kuumenyea nyaya nene, na bado unanyoa nywele za mkono. Unaota kutu, ni kweli, kwa kuwa chuma cha springi si cha pua kama kile cha kiwandani, lakini tone la mafuta jioni linatosha.

Ndiyo maana hasira yangu haipungui! Mzee anapoteza siku nzima kwenye kisigino cha ubapa, halafu anamkabidhi kazi mtu anayetupa washa. Nimelazimika kukata washa za muda kwa mkasi kutoka kwenye kopo la soda, na zinafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, ingawa skrubu zilizochubuliwa sitazifungua tena bila kuzitoboa.

Nyota ngapi? Mbili, kwa ajili ya mapokezi. Au nne, sijui. Nimekwisha kumwagiza mzee ubapa wa pili, wenye meno, kupitia kwa dereva wa teksi anayepita Katwe kila siku. Safari hii nimetuma kipimo kilichochorwa kwenye karatasi, na Leatherman yenyewe haitoki Bombo.