Buti ndefu za kushonesha kwa wapanda farasi: uliza zipu kabla ya ngozi

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji walioshonesha buti ndefu yanafanana mno. Ngozi nzuri, mshono umenyooka, rangi ndiyo ile iliyoagizwa, mguu umeingia barabara. Halafu zipu inaachia. Wengine inawaachia dakika za mwisho kabla ya kuingia uwanjani kwenye mashindano, wengine msimu wa kwanza haujaisha. Dada mmoja alinitumia picha ya buti yake ya kushoto: zipu imefunga juu, imefunga chini, katikati penye kifundo meno yameachana na soksi inaonekana. Alisubiri buti zile kwa miezi, akalipia ziada ngozi ya kung'aa ya sehemu ya juu, na alipompigia simu muuzaji akajibiwa kwamba zipu haimo kwenye dhamana.

Haimo kwenye dhamana! Sehemu pekee ya buti inayofunguliwa na kufungwa kila siku ndiyo waliyoitoa kwenye dhamana. Nimeuona mstari huo kwenye masharti ya wauzaji wengi, tena kwa maandishi madogo, na kila nikiuona unanikera upya.

Kwa hiyo hapa sizungumzii rangi, wala umbo la ncha ya buti, wala vito vya kupamba ukingo wa juu. Hayo muuzaji atakueleza bila kuulizwa, maana kila moja lina bei yake. Nitashughulika na zipu, kisha nitawapanga watengenezaji kwa kadiri ninavyowaamini kwenye jambo hilo.

Kwa nini hufia kwenye kifundo

Buti mpya ya ngozi haibaki na kimo ulichokabidhiwa. Ukishaipandia kwa muda, ngozi hulegea na kujikunja penye kifundo, na buti nzima hushuka sentimita 2 hadi 5, kutegemea ugumu wa ngozi. Ndiyo maana fundi mzuri hukupa buti inayokuchoma nyuma ya goti siku za mwanzo, na wapandaji wengi huweka vipande vya kuinua kisigino ndani ya buti mpaka ishuke. Hilo linajulikana. Lisilosemwa dukani ni kwamba ngozi inaposhuka, zipu haipungui urefu. Utepe wake umeshonwa kwenye ngozi ile ile, kwa hiyo unalazimika kujipinda kila penye mkunjo. Kichwa cha zipu kikifika hapo kinakwama, mwenye buti anavuta kwa nguvu, na taya za kichwa kile zinaanza kupanuka kidogo kidogo. Taya zikishapanuka, meno hayabanwi tena sawasawa. Zipu inapanda hadi juu vizuri kabisa, kisha inafunguka nyuma ya kichwa chake.

Buti nyingi za siku hizi zina zipu nyuma, na sababu yake ni ya maana: zipu ya upande wa ndani inasuguana na tandiko na kumkwaruza farasi. Lakini zipu ya nyuma inashuka hadi karibu na kisigino, na pale pale ndipo spuri zinapokaa, vile vyuma vya kumchochea farasi. Tazama buti ya mtu anayetumia spuri kila siku. Mwisho wa chini wa zipu utakuta umebonyea, na nyuzi za utepe zimeota manyoya mahali chuma kinapogusa. Mtengenezaji makini humaliza zipu juu ya kile kidaraja cha ngozi kinachoshikilia spuri, au huifunika mwisho wake kwa kipande cha ngozi. Asiye makini huiteremsha mpaka chini kabisa kwa sababu buti inakuwa rahisi kuvaa mbele ya mteja siku ya kujaribu.

Ongeza jasho. Jasho la farasi lina chumvi kuliko letu, na lina protini iitwayo latherini inayolifanya litoe povu. Povu hilo likikauka kwenye meno ya zipu pamoja na mchanga wa uwanjani na manyoya, kila unapofunga buti unasaga mchanga huo ndani ya kichwa cha zipu.

Haya si mambo mapya. Zipu yenyewe ilipata umaarufu kupitia viatu: mwaka 1923 kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani iliitia kwenye viatu vya mpira vinavyovaliwa juu ya viatu vingine. Baada ya karne nzima ya kutia zipu kwenye viatu, mtengenezaji hana haki ya kuniambia kwamba zipu kuachia ni bahati mbaya ya mteja.

Ya kuuliza kabla ya kutoa arubuni

Kwanza aina. Zipu ya meno ya chuma inapendeza, lakini jino moja likivunjika au kung'oka kazi imekwisha. Zipu ya nailoni, ile iliyotengenezwa kwa uzi mnene uliosokotwa mviringo mfululizo, inapinda vizuri zaidi kwenye kifundo, na ikiachia mara nyingi unarudisha kichwa hadi chini na kuifunga upya. Kwa buti ndefu mimi nachagua nailoni bila kusita.

Pili ukubwa na mtengenezaji wa zipu. Geuza kichwa cha zipu utazame mgongo wake. Kwenye zipu za kueleweka utakuta jina na namba. Namba 5 maana yake ni kwamba meno yakifungwa yana upana wa milimita 5 hivi, na namba kubwa zaidi ni pana zaidi. Mwenye shavu la mguu nene aombe kubwa kuliko 5. YKK ya Japani, iliyoanza mwaka 1934, ndiyo jina ninalolitafuta. Muuzaji asiyejua zipu yake imetoka wapi ajitahidi kuuliza kiwandani kabla hajanigusa na futi yake.

Tatu, jinsi ilivyoshonwa. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na fundi. Kama utepe wa zipu umeshonwa kati ya ngozi ya nje na bitana kwa mshono mmoja unaofikika, fundi viatu yeyote hodari anaweza kuufumua na kutia mpya akipita kwenye matundu yale yale. Kama umegandishwa kwa gundi kisha mshono ukapitia pia kwenye ukanda wa lastiki na ukingo wa mapambo, kubadilisha zipu ni kuivunja buti nusu nzima. Mwombe akuonyeshe buti iliyowahi kubadilishwa zipu. Asiye nayo, ama buti zake haziharibiki, ama hazirudi kwake. Mimi naamini la pili.

Nne, lastiki. Ukanda wa lastiki kando ya zipu hubeba mvutano wa shavu la mguu ili meno yasiubebe peke yake. Wapandaji wengi wa dresaji, yaani mchezo wa kumwongoza farasi kwa hatua za mpangilio, hawautaki kwa sababu wanataka buti ngumu iliyosimama, na nawaelewa, ila nao wajue kwamba kipimo chao sharti kiwe sahihi zaidi maana hakuna kitu cha kusamehe. Lastiki nayo huchoka baada ya miaka, kwa hiyo uliza kama inabadilishwa pamoja na zipu.

Vipimo nitavipitia haraka. Pima kimo ukiwa umeketi, goti limekunjwa pembe mraba, kutoka sakafuni hadi penye mkunjo wa goti. Pima miguu yote miwili, jioni ikiwezekana kwa kuwa mguu huvimba mchana, na uvae suruali ile ile ya kupandia na soksi zile zile. Kipimo ambacho fundi wengi hukipuuza ni mzunguko wa kifundo chenyewe. Kifundo kikiwa kipana kupita kiasi, mikunjo inakuwa mikubwa, na umeshajua mikunjo inafanya nini.

Ninavyowapanga

Nafasi ya kwanza nampa Vogel wa New York, na sifichi kwamba nawapenda. Wapo tangu 1879, wanashona kwa kipimo cha mguu wako, na kinachonivuta zaidi ni kwamba hurekebisha buti pia: zipu, soli, hata kupunguza upana wa shavu la mguu. Mtu anayepokea buti za zamani mezani kwake anajua zipi zilikufa na zilikufia wapi, na elimu hiyo huingia kwenye buti mpya. Wanashona pia buti za kuvuta, zisizo na zipu kabisa. Ukiwa na subira ya kutumia kulabu mbili za kuvutia na ubao wa kuvulia, hiyo ndiyo buti ninayokushauri kuliko zote. Dosari yake ni kwamba kifundo lazima kiwe kipana kiasi cha kisigino kupita, hivyo haitakubana kama ya zipu. Mimi naukubali upana huo kwa moyo mmoja.

Wa pili ni Dehner wa Omaha, Nebraska, wa tangu 1875. Hawa hushona pia buti za askari wa pikipiki, watu wanaovaa buti kutwa nzima kazini, na hilo linaniambia mengi kuliko picha za matangazo. Unaweza kujipima mwenyewe kwa fomu yao, lakini tafadhali tafuta mtu wa kukupima. Ukijiinamia kuushika mguu wako mwenyewe, shavu la mguu linabadilika umbo.

DeNiro wa Italia nawaweka wa tatu. Uzuri wao ni uchaguzi: michanganyiko ya kimo, upana, ngozi na mapambo ni mingi, na zipu ya nyuma wameizoea. Shida yangu ni kwamba unanunua kupitia wakala, na ubora wa huduma unategemea wakala huyo. Buti ile ile, kwa wakala mmoja zipu inabadilishwa bila maneno, kwa mwingine unazungushwa wiki nzima. Kabla ya kuchagua rangi, chagua wakala. Wa dresaji anayetaka buti iliyosimama imara amtazame pia Königs wa Ujerumani.

Celeris wa Ureno ni wa nne. Hushona kwa vipimo na hukuachia upange karibu kila kitu, na kwa mtu anayeshonesha mara ya kwanza ni mlango mzuri. Maswali yangu manne yaulize yote.

Buti zilizo tayari? Kama bajeti haifiki, Ariat wana vimo na upana tofauti tofauti, na modeli zao kadhaa hutaja wazi kwamba zipu ni ya YKK na lastiki ipo. Inatosha kujifunzia. Zile za bei ya chini kabisa zisizo na jina kwenye kichwa cha zipu, ziache zilipo.

Kuhusu wauzaji, sasa

Kinachoniudhi ni mpangilio wa bei. Utatozwa ziada kwa shavu la mguu lililo nje ya jedwali la vipimo, ziada kwa mguu mmoja kuwa mnene kuliko mwenzake, ziada kwa ukingo wa juu uliopinda. Kuna muuzaji aliyempimia rafiki yangu juu ya suruali nzito ya baridi, buti zikaja pana, kisha akamtoza za kupunguza. Na zipu ngumu ikilalamikiwa, jibu ni moja: itazoea. Ngozi huzoea. Zipu haizoei, inachakaa tu. Buti ya kushonesha inaweza kubana mwanzoni, lakini ikiwa watu wawili wanahitajika kuifunga, vipimo vimekosewa na buti irudi kwa aliyeishona.

Jambo jingine wasilolisema ni kwamba mara nyingi zipu inayofunguka nyuma ya kichwa chake si mbovu. Kilichochoka ni kichwa peke yake. Fundi mwaminifu atakibana taratibu kwa koleo au atatia kipya, na meno yakiwa mazima buti inarudi kazini siku hiyo hiyo. Nimeona wateja wakitozwa zipu nzima, pamoja na usafirishaji kwenda na kurudi kiwandani, kwa kasoro hiyo ndogo.

Nyumbani, safisha meno kwa mswaki mkavu kila baada ya kupanda, paka nta ya mshumaa mara moja moja, na unapofunga shika pande mbili za ngozi kwa mkono mmoja uzisogeze pamoja juu ya kichwa cha zipu, ili kichwa kisifanye kazi ya kukaza buti.

Na kwenye fomu ya oda, kabla hujatoa arubuni, andikisha haya: aina na namba ya zipu, kimo inapoishia chini, muda wa dhamana ya zipu yenyewe, na gharama ya kuibadilisha dhamana ikiisha. Muuzaji akisema fomu yake haina nafasi ya kuandika hayo, mwambie aandike nyuma ya karatasi na atie sahihi.