105, Ultegra au Dura-Ace: Mwongozo wa Kuchagua Seti ya Gia na Breki za Baiskeli ya Mbio

Mnunuzi wa baiskeli ya mbio akishapata fremu inayolingana na kimo chake, jambo linalokula fedha nyingi zaidi ni seti ya gia na breki. Shimano ya Japani, ambayo vipuri vyake ndivyo mafundi wengi wamevizoea, hupanga seti zake kwa madaraja: Claris, Sora na Tiagra ziko chini, 105 iko katikati, Ultegra inafuata, na Dura-Ace iko juu kabisa. Kwa maoni yangu, mwendeshaji asiyeishi kwa kushindana hana sababu kubwa ya kuvuka 105, na anayeamua kuvuka afahamu vizuri analipia nini.

Analipia gramu kwanza. Seti kamili ya Dura-Ace ya umeme (ambayo gia husogezwa na mota badala ya kuvutwa na waya) yenye gia 12 ina uzito wa takriban kilo 2.4, Ultegra ya aina hiyo ina kilo 2.7, na 105 ya umeme inakaribia kilo 3. Tuseme mwendeshaji na baiskeli yake wana jumla ya kilo 80 na wanapanda mlima kwa saa nzima: nusu kilo iliyopunguzwa haifiki hata asilimia moja ya mzigo, na itamwokolea takriban sekunde 20. Kwa Tadej Pogačar, aliyetwaa ubingwa wa dunia mjini Kigali mwezi Septemba 2025 kwa vifaa vya Shimano vya daraja la juu, sekunde hizo zina thamani. Lakini yeye havinunui, na kanuni za mchezo huo zinakataza baiskeli yenye uzito wa chini ya kilo 6.8, kiwango ambacho timu kubwa hukifikia bila shida. Sisi wengine tukihitaji mwendo zaidi, matairi mazuri mawili hutupa faida inayoonekana kwa bei ya chini sana kuliko tofauti ya daraja moja la gia.

Nafasi ya kwanza ninaipa 105 ya waya yenye gia 12, inayojulikana kwa namba R7100. Breki zake za majimaji, yaani zinazosukumwa na mafuta badala ya waya, zinatumia pedi zenye umbo lilelile la zile za Dura-Ace, na kwenye mteremko wenye mvua sijaona sababu ya kuzidharau. Kaseti yake, yaani rundo la meno ya gia kwenye gurudumu la nyuma, ni ya chuma, inadumu, na inakaa kwenye gurudumu la zamani lililotengenezwa kwa gia 11, kwa hiyo mwenye magurudumu mazuri halazimiki kuyaacha. Udhaifu wake ni waya wenyewe. Waya wa gia za nyuma hupinda kwa ukali ndani ya wenzo wa breki, na kadiri unavyotumika, nyuzi zake huanza kukatika mmojammoja mahali ambapo jicho halifiki. Dalili ya kwanza ni gia kusita inaposhuka kwenye meno madogo. Anayeipuuza na kuendelea kukaza skrubu ya kurekebisha atajikuta siku moja waya umekatika kabisa, kichwa chake kimebaki ndani ya wenzo, na fundi anakitafuta kwa kibano chembamba na tochi. Kubadilisha waya mapema, kabla ya dalili hiyo, ni gharama ndogo. Ila katika fremu za kisasa ambazo nyaya zimefichwa ndani ya usukani, kazi hiyo inaweza kumchukua fundi saa kadhaa, na hapo hesabu inaanza kubadilika.

Kwa fremu za namna hiyo ninaiweka 105 ya umeme, R7150, iliyotoka mwaka 2022, katika nafasi ya pili, na karibu niipe ya kwanza. Mota ndogo husogeza mnyororo kwa usahihi uleule kila mara, na kihamisha gia cha mbele hujirekebisha chenyewe ili mnyororo usikwaruze. Betri kuu hukaa ndani ya bomba la kiti, na kwa matumizi ya kawaida chaji moja hutosha kwa mamia ya kilomita; wenzo nazo hutumia betri ndogo za mviringo, ambazo ni vyema kubeba za akiba katika safari ndefu. Hasara kubwa iko katika ajali: baiskeli ikianguka upande wa kulia na kihamisha gia cha nyuma kikavunjika, bei ya kipya ni mara kadhaa ya kile cha waya, na hakuna fundi wa kukinyoosha kwa nyundo.

Ultegra inachukua nafasi ya tatu. Tangu kizazi cha gia 12 kilipotoka mwaka 2021, Ultegra na Dura-Ace zinauzwa kwa umeme pekee, na mwendeshaji aliyefunga macho angepata taabu kutofautisha ubadilishaji wa gia wa Ultegra na ule wa 105 ya umeme. Inaongeza vitufe vya ziada juu ya wenzo na kupunguza robo kilo. Ukiikuta kwenye baiskeli nzima iliyoshushwa bei, ichukue. Kuinunua kivyake ili kuondoa 105 inayofanya kazi ni anasa. Dura-Ace ninaiweka mwisho kwa sababu ya vipuri vinavyochakaa. Meno makubwa ya kaseti yake ni ya titani, ambayo ni nyepesi lakini huchakaa haraka kuliko chuma, na kaseti hiyo moja huuzwa kwa takriban mara nne ya bei ya ile ya 105.

Nje ya Shimano, seti ya Rival isiyo na nyaya ya kampuni ya SRAM ni mshindani halali wa 105 ya umeme. Betri zake mbili zinafanana, hivyo ya nyuma ikiisha njiani unaibadilisha na ya mbele na kufika nyumbani. Breki zake hutumia mafuta ya DOT, yanayopatikana katika maduka ya vipuri vya magari, wakati Shimano hutaka mafuta ya madini ambayo mara nyingi huagizwa. Mafuta hayo mawili hayabadilishani kamwe, kwani yasiyostahili huharibu sili za ndani. Kumbuka pia kwamba kaseti ya Rival inahitaji gurudumu lenye habu (kitovu cha gurudumu) ya aina yake.

Anayetafuta daraja la juu kwa bei ya mtumba aanzie kwenye mikono ya pedali. Mwaka 2023 Shimano ilitangaza ukaguzi wa mikono ya Ultegra na Dura-Ace ya gia 11 iliyotengenezwa kabla ya Julai 2019, ambayo imeundwa kwa vipande viwili vilivyogundishwa na vinaweza kuachana. 105 haikuwamo katika orodha hiyo. Namba za kutafuta nyuma ya mkono ni FC-6800, FC-R8000, FC-9000 na FC-R9100, pamoja na FC-R9100-P yenye kipimo cha nguvu. Futa uchafu kwa kitambaa, pitisha ukucha kwenye mshono wa upande wa ndani, kisha simama juu ya pedali ukiwa umeshika breki: ukihisi ufa au ukisikia mlio wa kukwaruza kutoka kwenye mkono wenyewe, mrudishie muuzaji baiskeli yake, hata akipunguza bei.